Kitambaa cha Vifungo Kumi na Viwili

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa vifungo. Kiwanda chetu kilishona sare: za wauguzi, za walinzi, za wanafunzi, za watu wanaofagia barabara. Kila fundi alikuwa na kipande chake. Mmoja alishona kola maisha yake yote, mwingine mifuko, mwingine mikono. Mimi nilitoboa matundu na kushona vifungo. Nguo ilifika mezani kwangu imekamilika lakini haifungiki, ikaondoka ikiwa nguo. Sikuona aibu kulisema hilo wakati ule na sioni sasa. Shati bila kifungo ni shuka lenye mikono.

Nayataja haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza lilikuwa kosa la fundi. Mtu mwingine asingeweza kulifanya vizuri vile.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu akiwa na miaka miwili na nusu. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pekee, alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha kusindika matunda, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Wafanyakazi wapya walilala wanne wanne chumbani na mtoto hakuruhusiwa. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba yangu ina vyumba viwili, jiko na ua mdogo wa saruji, na mwaka ule mzima nilikuwa nimezoea kukaa siku mbili, tatu, bila kuisikia sauti yangu mwenyewe. Mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi, nilimjibu nzuri. Mwanzoni nilijicheka. Baadaye sikujicheka tena.

Mtoto alipoingia, aliingia na maneno. Alisema na kikombe, alisema na viatu, aliiuliza cherehani yangu iliyo chini ya dirisha kama imekula. Nikampa jina la Chiriku, na mpaka leo sina jina jingine ninalomwitia.

Asubuhi nilimsimamisha juu ya kigoda. Aliinua kidevu na kutandaza mikono kama mteja anayepimwa suti, nami nikamvisha. Vifungo sita vya gauni nilivifunga kabla hajamaliza kuniuliza kwa nini kuku hana meno. Nilimnawisha, nikamlisha kwa kijiko ili asimwage, nikamvalisha viatu. Nilijisifu. Wanaume wengi wa rika langu hawajui hata namna ya kumshika mtoto. Mimi nilimlea kama nilivyoshona, mshono usionekane.

Alipotimiza miaka minne binti yangu alikuja na habari njema. Amepandishwa cheo, sasa ana chumba chake, na kiwanda kina shule ya awali ya watoto wa wafanyakazi. Wakaondoka Jumapili. Nilifunga dirisha la upande wa barabara nisilione basi likipita. Alhamisi walirudi wote wawili.

“Wamemkataa,” binti yangu alisema, begi likiwa bado begani.

“Kwa lipi? Huyu anayehesabu mpaka thelathini?”

“Kuhesabu hawakuuliza, Baba. Walimpa sweta afunge vifungo. Akasimama akainua kidevu.”

Nikampokea begi.

“Wakampa kalamu ya rangi, akaishika kwa ngumi kama mwiko. Wakampa shanga na kamba, akamrudishia mwalimu. Akamwambia, ‘Nifanyie.’ Darasa lina watoto ishirini na watano, mwalimu mmoja. Anasema mtoto asiyejifunga nguo hawezi kukaa naye.”

“Mwalimu gani huyo asiyeweza—”

“Mwalimu mzuri,” alinikata. “Amenipa karatasi hii niilete kwa anayekaa na mtoto. Usaili mwingine ni baada ya miezi mitatu. Akishindwa tena ni mpaka mwakani, na nafasi hawaahidi.” Akaninyooshea. “Kitanda chake nimeshanunua, Baba. Kipo kando ya changu.”

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni, kwa hiyo sipuuzi karatasi yoyote. Hii niliisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. Ilihusu shughuli za nyumbani za kuamsha akili na mikono ya mtoto. Achambue maharage na mahindi, ayatie katika vikombe viwili. Amimine maji kutoka jagi hadi jagi. Abane vibanio vya nguo kwenye ukingo wa kopo. Atafute kifuniko cha kila chombo. Atunge shanga, achane karatasi, afunge na kufungua vifungo akianza na vikubwa. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: Mzazi asimfanyie. Mzazi angoje.

Nilitia alama moja ya mkato iliyosahauliwa na mwandishi. Kisha nikaikunja karatasi, nikaiweka kwenye droo ya mikasi, nikaifunga droo.

Sikujiambia kwamba namzuia mtoto. Mtu hajiambii mambo kama hayo. Nilijiambia kwamba amekataliwa na amehuzunika, na dawa ya huzuni ni nguo mpya. Binti yangu aliporudi kazini, niliketi kwenye cherehani nikashona magauni matano na suruali mbili, zote za lastiki. Lastiki shingoni, lastiki kiunoni, lastiki mikononi. Ni kuvuta kichwani tu. Nilitoa hata bizimu za viatu vyake nikaweka lastiki mahali pake. Ilikuwa kazi safi, na mifukoni nilidarizi ndege wadogo kwa uzi wa njano. Fundi wa vifungo alishona nguo saba zisizo na kifungo hata kimoja.

Wa kwanza kuona alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, muuguzi mstaafu. Watoto wote wa mtaa huu amewachoma yeye, ndiyo maana wanamwita Mama Sindano na kukimbia. Alikuja kuchukua sketi niliyompandishia pindo, akamkuta Chiriku mlangoni. Akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anayechagua kuku.

“Fundi, vifungo viko wapi?”

“Ndiyo mtindo wa sasa.”

“Mtindo wa nani? Wa watoto wachanga na wagonjwa waliolazwa? Nimevisha wagonjwa miaka yangu yote. Lastiki tulimpa mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi.”

“Huyu mikono anayo.”

“Hiyo naiona. Yeye mwenyewe ameambiwa?”

Chiriku aliitazama mikono yake pande zote mbili, kisha akasema, “Bibi, mikono yangu ni ya kumshika Babu.”

Mama Sindano alicheka, halafu kicheko kikaishia njiani. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda.

“Haya,” alisema. “Kinyozi hajinyoi. Nipe sketi yangu niende, usije ukaitia lastiki nayo.”

Kila Jumapili jioni binti yangu alipiga simu.

“Karatasi mnaifuata, Baba?”

“Tunaifuata.”

“Maharage?”

“Anachambua.”

“Na vifungo?”

“Anakwenda vizuri.”

Nilijibu kwa sauti ileile niliyokuwa nikimjibia mtangazaji wa redio. Yeye alishukuru. Alisema usiku anaugusa ule mto wa kitanda kidogo ili usipate vumbi. Nikamwambia mstari unakwaruza, simsikii vizuri.

Wiki sita zilipita hivyo. Asubuhi moja ya upepo nilitoka uani kuanika. Birika lilikuwa jikoni juu ya moto na Chiriku alikuwa sakafuni ndani, akiisimulia cherehani ndoto yake. Upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu. Nikasikia komeo likidondoka. Ni komeo la chuma, la kuangukia kwenye kishikio chake cha fremu. Kwa ndani lipo usawa wa uso wa mtoto yule. Mlango wa mbele nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa juu ya meza.

Sikuwa na wasiwasi. Nikainama kwenye ufa wa mlango.

“Chiriku, kuna chuma hapo mbele yako. Kinyanyue juu.”

“Hakitaki.”

“Kibane kwa kidole gumba na kidole hiki cha kuonyeshea. Bana, halafu nyanyua.”

Nilisikia kucha zikikwaruza chuma. Zilikwaruza kama panya, zikaacha.

“Babu, njoo unyanyue wewe.”

“Mimi nipo nje.”

“Basi ingia.”

“Siwezi kuingia mpaka ufungue.”

Alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto yule akinyamaza akiwa macho. Kisha akasema, polepole, kama anayenieleza jambo ambalo alidhani nalijua, “Mikono yangu haijui, Babu.”

Halafu akaanza kulia. Ndani birika lilikuwa limeanza kupiga mluzi, na mluzi ule ukawa juu ya kilio, na kilio juu ya mluzi, mpaka nikashindwa kusikia maneno. Nikalisukuma lile pande la mlango kwa bega. Bega langu ni la mzee. Nikamwita Mama Sindano kupitia ukutani, akaja na khanga ya kazi kiunoni, hakuuliza kitu. Nikakivunja kwa jiwe kioo kidogo kilicho kando ya mlango. Mkono wangu haukupita. Wake, mwembamba, ulipita. Akapapasa, akanyanyua komeo kwa vidole viwili.

Birika lilikuwa limekauka na kuwa jeusi chini. Chiriku alikuwa amesimama palepale mlangoni, kidevu juu, mikono ameitandaza, anangoja kubebwa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimechubuka.

Mama Sindano alivisafisha vile vidole, akavifunga kitambaa, akafagia vioo. Nilitaka aseme neno, hata tusi. Alipofika kizingitini aligeuka akanitazama, akaenda zake.

Siku ile nilikumbuka jambo. Nilipoanza masomo ya jioni nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mkono wangu ulitoboa matundu arobaini kwa saa, ila haukuweza kuandika herufi. Kalamu iliteleza, karatasi ilitoboka. Mwalimu alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Nilimwomba anishikie mkono aniongoze. Alitia mikono yake mfukoni akasimama kando ya dawati, akangoja. Nilimchukia wiki tatu nzima. Wiki ya nne niliandika jina langu, nikaibeba ile karatasi nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Mke wangu alikuwa hajui kusoma, lakini aliitazama muda mrefu akasema, “Lina urefu wa kutosha.”

Nikafungua droo ya mikasi.

Tulianza na maharage na mahindi. Nilimwaga vyote kwenye sinia, nikaweka vikombe viwili. Chiriku alichota konzi nzima akaitia kikombe cha kwanza, akasema tayari. Nikamwambia moja moja. Akaniambia nifanye mimi, kwa kuwa mimi ni fundi. Nikamwambia fundi yupo likizo. Punje ya kwanza ilimponyoka mara nne. Nilikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano: niliiweka chini ya mapaja, viganja chini, mpaka ikafa ganzi. Mikono iliyozoea kazi ina njaa yake. Ikiona uzi unaning’inia haiulizi.

Siku ya pili tulimimina maji uani, jagi hadi jagi, na saruji ikanywa zaidi ya jagi. Siku ya tatu vibanio vya nguo. Alivibonyeza kwa mikono miwili na ulimi nje, vikamruka usoni. Akavitukana kwa lugha aliyoitunga mwenyewe. Akaketi, akasema amechoka, akalala. Alipoamka akavitafuta.

Halafu nikatoa mkebe. Kila fundi wa kiwandani alikuwa na mkebe wa vifungo vilivyobaki, na wangu una vifungo vya kujaza viganja ishirini. Nilivimwaga juu ya shuka. Tulivigawa kwa rangi, tukavichanganya, tukavigawa kwa ukubwa, tukavichanganya, tukavigawa kwa matundu: vya matundu mawili huku, vya manne kule. Alipinga baadhi ya sheria zangu. Alisema vyenye matundu manne ni vifungo viwili vilivyooana. Sikuona kosa katika hoja hiyo. Kati ya vile alipata kimoja cha kijani, kikubwa, kilichopasuka ukingoni.

“Hiki cha nani?”

“Cha koti la bibi yako.”

“Anakitaka?”

“Hapana.”

Alikifikiria. “Basi hakina wenzake,” alisema, akakitia kikombe cha peke yake.

Kiwandani, mwanafunzi mpya hakuruhusiwa kugusa sindano kabla ya kupita mtihani wa kitambaa. Kitambaa hicho kilikuwa na vifungo kumi na viwili kwa mstari, cha kwanza kikubwa kama cha koti la mvua, cha mwisho kidogo kama cha ukosi wa shati. Alivifunga na kuvifungua, kisha akafumba macho akarudia. Msimamizi wetu alisema asiyejua kufunga hawezi kujua pa kutoboa. Na alikuwa na sheria moja: anza chini. Juu, karibu na shingo, huoni unachokifanya, na ukikosea kimoja unakosea vyote. Chini macho yanasaidia mikono.

Nilimshonea Chiriku kitambaa kama kile kwa kitambaa kizito cha bluu kilichobaki cha sare za walinzi. Nikazifumua pia zile nguo saba. Nilivuta lastiki mita kwa mita, nikapasua vifua na viuno, nikatoboa matundu. Ndege wa njano niliwaacha.

Kifungo cha kwanza kilimchukua asubuhi mbili. Alikisukuma, kikatoka nusu, akaachia, kikarudi. Alinitazama. Nikatazama dirishani. Aliinua kidevu na kutandaza mikono. Nikaendelea kutazama dirishani, na barabarani hapakuwa na kitu chochote cha kutazama.

“Babu mbaya,” alisema.

“Najua.”

“Nitamwambia Bibi Sindano akuchome.”

“Mwambie. Ukishamaliza.”

Kilipopita, hakushangilia. Alikifungua ili aone kama kitapita tena. Kikapita.

Sasa nitaeleza jambo ambalo karatasi ya mwalimu haikulitaja. Mikono ilipoanza kupata maneno, mdomo ulinyamaza. Chiriku aliinama juu ya kile kitambaa kwa nusu saa, kwa saa nzima, midomo imebana, akipumua kwa pua kama fundi, wala hasemi. Cherehani haikuulizwa tena kama imekula. Mtoto yupo hatua mbili kutoka kwangu, na nyumba imetulia kama ilivyotulia mwaka ule. Nikawa naisikia saa ya ukutani. Mara nyingine nilimsemesha bila sababu, nimuulize kwa nini kuku hana meno. Aliinua kiganja kunizuia, bila kuinua kichwa. “Babu, nafanya kazi.”

Wiki ya tano alifika cha kumi na mbili. Wiki ya sita alifumba macho. Alivifunga kumi na kimoja, akakosa kimoja, akakirudia. Mama Sindano alikuwa ameketi mlangoni na bakuli la maharage ambayo hakuwa akiyachambua.

“Fundi,” alisema taratibu, “utakufa njaa ya maneno nyumba hii.”

“Ninayo redio.”

“Redio haikujibu.”

“Mimi ndiye huijibu.”

Hakucheka, nami sikuwa nimetania.

Binti yangu alifika jioni ya siku ya mwisho ya ile miezi mitatu. Chiriku alikuwa chumbani akivua gauni la vumbi ili avae la kumlakia mama. Alitoka amejifunga vifungo vyote sita, kola imekaa, akasimama mbele ya mama yake bila kuinua kidevu. Binti yangu alipiga magoti akavigusa kimoja kimoja.

“Baba! Miezi mitatu tu!”

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na sifa mkononi, safi, imepigwa pasi. Lakini niliona kwenye gauni, ukitazama karibu, alama za mshono wa zamani pale lastiki ilipokuwa, na fundi hawezi kumpa mteja nguo iliyofumuliwa akamwambia ni mpya.

“Mwezi mmoja na nusu,” nilisema. “Wiki sita za kwanza karatasi ilikuwa kwenye droo. Nilimshonea lastiki.”

Alielewa polepole. Niliona akirudi nyuma, Jumapili moja hadi nyingine, akizihesabu simu zile.

“Ulisema anakwenda vizuri.”

“Nilisema.”

“Na mimi nilikuwa nikilala kando ya kitanda kitupu, Baba. Nakipangusa vumbi.”

“Najua. Ulinieleza, nikasema mstari unakwaruza.”

Alikwenda uani. Alikaa huko mpaka giza likaingia, na mimi nikakaa hapa, na Chiriku akawa anapita kati yetu akibeba vibanio vya nguo, viwili huku, viwili kule, kwa hesabu yake mwenyewe. Mwishowe binti yangu aliingia, akawasha taa. Hakuomba neno wala hakunipa. Alisema, “Umekula, Baba?” Nikasema bado. Akapika.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Basi huondoka saa moja kamili. Nilikuwa nimemshonea Chiriku koti la safari, vifungo vitano. Alisimama juu ya kigoda, kwa mazoea, akashika pindo la chini.

“Tutachelewa,” binti yangu alisema, akanyoosha mkono.

Niliushika mkono wake. “Mwache.”

Tulisimama wawili tukimtazama. Kimoja. Cha pili kilikuwa kigumu kwa sababu uzi ulikuwa mpya. Honi ililia barabarani. Cha tatu. Binti yangu alibana midomo. Cha nne. Cha tano, kile cha shingoni, hakukiona. Alikipata kwa vidole, macho ameyafumba. Kisha akashuka kwenye kigoda peke yake na kunipa mkono kama mtu mzima anayeaga.

“Kwaheri Babu. Kile cha kijani usikichanganye.”

Safari hii sikufunga dirisha.

Alikubaliwa. Binti yangu alinipigia siku ileile ya usaili, akanieleza kwamba mwalimu alimpa sweta, na Chiriku akaigeuza kwanza kuangalia jinsi matundu yalivyotiwa nyuzi. Mwalimu aliuliza nani amemfundisha hivyo. “Nikamwambia ni babu yake,” binti yangu alisema. “Sikumwambia mengine.”

Kioo cha kando ya mlango nimekibadilisha. Maharage na mahindi nimeyapika pamoja. Vifungo nimevirudisha kwenye mkebe, ila kikombe kimoja kipo juu ya meza, nacho nimeambiwa nisikiguse. Mama Sindano huja Jumatano na nguo ya kupunguza au kuongeza. Nadhani nyingine huzifumua mwenyewe kwanza ili apate la kuleta.

Mwezi uliopita niliamua kumshonea Chiriku nguo za mwaka mpya wa masomo. Nimepima watu kwa macho tangu ujanani. Mtu akiingia mlangoni nakuambia bega lake. Sasa nilikuwa na kitambaa mezani, mkasi mkononi, na sina bega la kutazama. Jumapili nikamwomba binti yangu ampe mtoto simu.

“Chiriku, umekua kiasi gani?”

“Sana.”

“Bega lako limefika wapi kwenye meza?”

“Meza ya hapa ni fupi, Babu.”

“Mwambie mama achukue futi akupime.”

“Mama anafua.” Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto wa ua ule. Alisema na mtu, akarudi. “Babu, subiri. Kuna mwenzangu hapa vifungo vyake vimepishana vyote. Alianza juu.”

“Unakwenda kumfungia?”

“Hapana. Kumwonyesha tu. Nitaweka mikono nyuma.”

Nilisikia simu ikilazwa juu ya kitu kigumu. Nikasikia viatu vikikimbia, na sauti yake, mbali, ikisema chini, anza chini. Halafu kimya chao. Nilikijua kimya kile. Nilisubiri. Mpira uligonga ukuta mahali fulani, maji yakamwagwa, mwanamke akamwita mtoto asiye wangu. Niliendelea kushika simu sikioni mpaka mstari ulipokatika wenyewe.

Nilifungua daftari la vipimo, nikaandika jina lake, na chini yake kifua, bega, urefu. Mbele ya kila neno nikaacha nafasi. Kisha nikatandaza kitambaa, nikaongeza inchi mbili kila upande za kukunja ndani, kama tunavyofanya kwa mteja asiyeweza kuja kupimwa, nikakata.